Shati la Kijani Mlangoni

Misukule kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakila bajia. Walikula kwa adabu, midomo wakiifungua kidogo kidogo, maana unga wa muhogo niliowapaka usoni ulikuwa haujakauka, na kila mmoja alijua kwamba akiupasua atanikoma. Bi Jasvanti, mwenye nyumba, alipita katikati yao na bakuli la chatne akiwakaripia wasiegemee ukuta. "Rangi hii nimepaka Diwali," alisema. "Mtu akishakufa ndiyo anasahau kuheshimu nyumba za watu?" Wafu wakacheka, unga ukapasuka, nami nikaanza upya.

Hiyo ndiyo Mchafukoge ninayoikumbuka, ya mwaka tisini na saba, mwaka ulioishia kwenye mvua za El Nino. Ghorofa lile limeshavunjwa, limejengwa jingine refu la vioo, lakini nikipita pale miguu yangu bado inapunguza mwendo bila kuniuliza. Nakaribia miaka hamsini sasa. Nina duka la mashuka Mtaa wa Sikukuu, nina kisukari, nina wajukuu wawili. Wakiniuliza ujana wangu niliupeleka wapi, nawaambia niliwapelekea wafu.

Ilikuwa miaka ambayo ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilishazoeleka. Sisi tulioshikwa mkono na mama zetu kwenye foleni za sabuni tulikuwa tumekua, na Kariakoo ilijaa kila kitu: redio, pasi, maua ya plastiki, na televisheni zilizopangwa madirishani zikiwaka mchana kutwa ili wapita njia wasimame. Vituo vya televisheni vilikuwa bado vichanga na vilikuwa na njaa ya vipindi. Ukiwapelekea mkanda unaoonekana na unaosikika, waliurusha. Sisi tuliwapelekea *Waliobaki*.

Hadithi yake ilikuwa nyepesi. Asubuhi moja maiti wote wa jiji wanaamka misukule na kujaa mitaani, na watu watano walio hai wanajifungia ndani ya ghorofa. Basi. Watu walidhani wanaangalia misukule, kumbe walichokuwa wakiangalia kila Jumatano ni watu watano wakigombania kopo la maharage, nani alale karibu na mlango, na nani alimwacha mwenzake nyuma akikimbia. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watano. Niliitwa Mkunde, na nilikuwa mkali kuliko pilipili.

Kiongozi wetu alikuwa Mwinyimvua, Mzaramo wa Kisarawe, aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Alipenda kunitania kwamba kiwanda chake kiliuawa na mashuka ya baba yangu yaliyotoka Dubai, kwa hiyo ninachomlipa kwa kuigiza ni fidia. Mpiga picha alikuwa Bwana Bhupendra, mume wa Bi Jasvanti. Alikuwa amezoea kupiga harusi tu. Msukule akitokea gizani akinyoosha mikono, Bwana Bhupendra alisema kwa mazoea, "Haya, tabasamu kidogo," na kazi yote ikaharibika kwa vicheko.

Hatukuwa na maandishi. Mwinyimvua alikaa juu ya kreti la soda, akatusimulia kinachotokea, kisha akasema, "Ingieni." Maneno ulijitafutia mwenyewe humo humo. Kwa sababu hiyo tulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: onyesho ni la aliyelilia. Mtu akitoa machozi ya kweli mbele ya kamera, mkanda ule haufutwi bila ridhaa yake, hata Mwinyimvua akitaka. Alisema maneno unaweza kuyasema tena kesho, lakini machozi ya jana huyapati.

Sasa Filbert. Filbert alikuwa mbeba mizigo pale sokoni, kijana mrefu, mpole, na kuigiza hakujua kabisa. Ukimwambia atembee kama msukule, alitembea kama mtu aliyebanwa na viatu. Mwinyimvua akachoka naye, akamwambia, "Wewe simama tu kwenye geti. Angalia juu." Filbert akasimama, akaangalia juu, na jiji zima likampenda. Kila wiki alikuja kusimama pale chini, hagongi, hapigi kelele, anatazama dirishani nilipo mimi, dada yake wa kwenye igizo. Na sisi ndani tunagombana: afunguliwe, asifunguliwe. Nilisikia ubishi huo huo vibandani kwa mama ntilie, watu wazima wakiacha chai ipoe. Hata jina lake la igizoni walilisahau, wakamwita Shati la Kijani.

Shati hilo nililinunua mimi. Nguo zote za misukule nilizinunua kwa mafungu kwenye mitumba ya Buguruni. Lile lilikuwa la kijani kibichi, na mfuko wake wa kifuani ulikuwa umeondolewa ukashonewa kipande cha kanga nyekundu. Nililichagua kwa sababu lingeonekana vizuri kwenye picha. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Baba yangu, Mzee Eliakimu, hakuwa ameangalia hata wiki moja. Yeye alishuka kutoka Machame na mablanketi sita mgongoni, akayageuza kuwa duka la jumla, na mimi ndiye niliyetakiwa kulirithi. "Mzaha mzaha hutumbua usaha," aliniambia siku niliyomweleza. "Leo unawapaka watu unga, kesho utaniletea maiti dukani." Baada ya hapo, kwa miezi mitatu, tuliongea habari za mashuka peke yake. Futi ngapi. Rangi gani. Bunda limeisha. Nilimwamkia asubuhi, akaitikia marahaba akiangalia mlango. Ukimya wa baba yangu ulinikondesha kuliko njaa.

Jumamosi moja tukapiga wiki ya saba, na katika wiki hiyo Shati la Kijani alikuwa afe. Mkunde mwenyewe anashuka, anafungua geti kwa mara ya kwanza, kaka yake anaingia, na Mkunde anampiga kwa mchi. Mchi ulikuwa wa sponji uliofungwa kitambaa. Filbert alikuwa aangukie godoro. Mwinyimvua akasema "Ingieni," nikafungua, Filbert akaingia akinitazama kwa yale macho yake ya ng'ombe, na ghafla nikamwona baba. Nikamwona anavyonipita dukani kama nguzo. Nilisema maneno ambayo hadi leo siyakumbuki vizuri, nikashusha mchi, nikalia kilio ambacho sikujua kama ninacho. Nilipoinua uso, Bwana Bhupendra, aliyekwisha kupiga picha mabibi harusi mia mbili wakilia, alikuwa amesahau kuzima kamera.

Habari zilifika dukani Mtaa wa Sikukuu kabla yangu. Wachaga wenzake baba wakamkalia kooni: "Eliakimu, binti yako amelia mpaka Mhindi akalia." Jumapili baada ya ibada aliniambia, akikunja leso yake, "Jumatano nitaweka televisheni dukani. Nitaangalia." Basi, hayo tu. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jumatatu nilikuwa nawapaka misukule wa wiki ya nane wakati Tarsis, mmoja wao, alipopanda ngazi mbio. Yeye alikaa Buguruni. "Kuna mama kutoka kwetu yuko chini," alisema akihema. "Anataka kumwona Shati la Kijani. Anasema ni mwanawe, alikufa mwaka jana."

Msimcheke mtu kwa alivyofanya dakika ile. Miaka hiyo neno moja, mchawi, lingeweza kuleta mtaa mzima na mawe, na sisi tulikuwa na misukule kumi na mmoja wamekaa kwenye ngazi. Bwana Bhupendra akaanza kufungasha kamera. Filbert, kimo chake chote kile, akajibana nyuma ya friji ya Bi Jasvanti, miguu ikabaki nje. Bi Jasvanti peke yake ndiye hakutetereka. Alimimina maji kwenye glasi, akashuka kumpokea mgeni.

Walipanda pamoja polepole. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa baibui lililopauka pindoni, hana umati wala jiwe. Aliwapita misukule kwenye ngazi akiwaambia, "Hamjambo, wanangu," nao wakamwitikia shikamoo.

"Karibu, mama. Shikamoo," alisema Mwinyimvua.

"Marahaba, baba. Naitwa Sabaha. Msinikimbie, sijarukwa na akili. Najua yule si mwanangu. Lakini shati ni lake. Pasi iliunguza mfuko, nikamshonea mwingine kwa kanga yangu."

Nilihisi uso unaniwaka. Akatueleza. Mwanawe aliitwa Kondo, alikuwa utingo wa malori ya Zambia. Homa ilimkamata njiani, akafia Tunduma, akazikwa siku hiyo hiyo na watu wasiomjua. Habari zilifika Buguruni siku ya kumi, zikaletwa na dereva ambaye mwenyewe alisimuliwa tu. Baada ya arobaini nguo zake aligawiwa mpwa wa Bi Sabaha, na mpwa akaziuza. "Simlaumu," alisema. "Ana shida zake."

Akanywa maji, akairudisha glasi kwa mikono miwili.

"Kila Jumatano naenda kwa jirani kuangalia. Anakuja, anasimama mlangoni, anatazama juu. Kondo akirudi safari alikuwa hivyo hivyo. Hagongi. Anangoja nimwone mwenyewe." Akamgeukia Mwinyimvua. "Sasa nimesikia wiki hii mnamuua. Nimekuja kuwaomba. Siwaambii mmfungulie. Mwacheni tu pale nje, aendelee kusimama."

Filbert alikuwa ametoka nyuma ya friji bila mtu kumwita, vumbi nywele nzima. Alilivua lile shati, akabaki na singlendi, akamnyooshea. Bi Sabaha alilishika, akapitisha kidole juu ya mshono wa mfuko, kisha akamrudishia. "Livae, baba. Linakukaa."

Mwinyimvua alikuwa ameshaanza kufikiri, nilimjua kwa alivyokuwa akijikuna kidevu. "Tunaweza," alisema taratibu. "Tunamgeuza, anaondoka zake uchochoroni, siku nyingine anarudi. Kazi ya asubuhi moja." Kisha akanitazama. "Lakini mkanda ni wa Joyceline. Yeye ndiye aliyelia."

Wote wakageuka. Misukule wale kumi na mmoja, Bwana Bhupendra na waya mkononi, Bi Jasvanti, na yule mama.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisita. Sikusita. Nilichokiona mbele yangu ni televisheni juu ya kaunta ya duka, na baba amesimama mbele yake, na mimi nipo, ananiona. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa siku mbili mfululizo. Nilijua pia kwamba kilio kile sitakipata tena hata wanichape fimbo. Nikasema, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, "Mama, igizo lina mpangilio wake. Tukibadilisha hapa, huko mbele yote yanaharibika."

Ulikuwa uongo mtupu. Mpangilio hatukuwa nao. Hakuna kati yetu aliyejua Jumatano mbili mbele kutatokea nini, hata Mwinyimvua. Wenzangu walijua kwamba naongopa, na kwa ajili ya sheria yetu walinyamaza. Mwinyimvua aliangalia sakafu. Siku nzima ile hakunitania.

Bi Sabaha hakubishana nami. "Haya, mwanangu. Kazi ni kazi." Akasimama, akajifunga vizuri baibui. Alipofika kwenye ngazi akageuka. "Basi Jumatano uje ukae na mimi. Safari hii nisiwe peke yangu."

Nikaitikia upesi, ndiyo mama, nitakuja, kwa furaha ya kuachiliwa. Alikuwa ameshavuka barabara nilipokumbuka kwamba Jumatano ndiyo siku ya baba.

Nililala na jambo hilo siku mbili. Ningeweza kutuma mtu aseme naumwa. Lakini kumnyima mama yule kila kitu, mara mbili, hata mimi wa miaka ishirini na moja nilishindwa. Jumatano mchana nilimwambia baba sitakuwepo dukani jioni. Alikuwa anapanga mablanketi. "Watu wote hawa nimewaalika," alisema. Nikasema najua, baba. "Utajua mwenyewe," akasema, akaendelea kupanga.

Jioni hiyo baba yangu alitazama amesimama, katikati ya mabunda, na majirani zake wa Machame wamejaa mpaka kibarazani. Nilisimuliwa baadaye na mmoja wao. Nilipoanza kulia kwenye kioo aliuliza, "Nani amemfundisha huyu?" Hakuna aliyejua. Akaingia stoo, akakaa huko mpaka taarifa ya habari. Kuhusu kilio kile hakuniambia neno hadi anaingia kaburini, lakini tangu wiki ile kila Jumatano alifunga duka mapema, na asubuhi nikimwamkia alinitazama. Kile nilichokuwa nimekiuzia utu wangu nilikipata, na kilipotokea sikuwepo.

Mimi nilikuwa Buguruni, kwenye chumba cha jirani yake Bi Sabaha, nimekunja miguu juu ya mkeka. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na nje palikuwa tope tupu. Viatu vimerundikwa mlangoni, watoto wamejipanga mbele, wanawake nyuma. Televisheni ilikuwa ndogo, imevikwa kitambaa cha kufuma. Bi Sabaha alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya, amejipaka mafuta mikononi, kama mtu anayengoja mgeni. Nafasi ya pembeni yake alikuwa ameniwekea, na watoto waliojaribu kuikalia walifukuzwa. Waliponitambua walipiga kelele, "Mkunde! Mkunde!" kisha wakanywea, wakawa wananichungulia kwa kona ya jicho.

Tukaangalia ugomvi wa maharage. Tukaangalia wenzangu wa mle ghorofani, mlinzi akimtukana mwalimu. Halafu Filbert akaja kusimama kwenye geti, na shati, na mfuko mwekundu. Bi Sabaha akavuta pumzi. Nikamwona Mkunde anashuka ngazi na mchi. Nilijiona mbaya. Watoto wakaanza, "Muue! Muue, atakung'ata!" na mama mmoja akawanyamazisha kwa kofi la mgongoni, kwa sababu watu wazima wote mle ndani walijua shati lile lilikuwa la nani.

Geti likafunguka. Baada ya wiki zote zile likafunguka, naye akaingia, na Bi Sabaha akanishika kifundo cha mkono. Alinishika hivyo mchi uliposhuka. Alinishika Filbert alipoanguka, na nilipopiga magoti pale kwenye kioo nikilia, na mle chumbani mimi mwenyewe sina chozi, nimekauka kwa aibu.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema Bi Sabaha kwa sauti ya kusikika, na wanawake wote wakaitikia.

Kisha akalia. Jirani alinieleza baadaye kwamba mwaka uliopita, habari zilipofika, hakulia. Alizunguka akichota maji na kuwapikia waombolezaji kama vile msiba ni wa nyumba ya pili. Sasa alilia kwa sauti, akimwita kwa jina. Jirani yule akapunguza sauti ya televisheni. Wanawake wakasogea, mmoja akamfunika mabega kwa kanga, mwingine akamshika miguu, watoto wakatolewa nje kwenye tope, na chumba kile kikawa cha matanga. Hapakuwa na igizo tena. Walimlilia Kondo, na mimi nikiwa katikati yao.

Sijui tulikaa muda gani. Aliponyamaza alijifuta uso kwa pembe ya kanga, akanigeukia. Mkono wangu alikuwa bado hajauachia.

"Aliumia?"

Nilijua kabisa kwamba Filbert aliangukia godoro akajibana asicheke. Na yeye alijua kwamba najua. Lakini hakuwa ananiuliza habari za Filbert.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakusikia kitu."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama."

Akainamisha kichwa taratibu, akalipokea jibu langu. "Alhamdulillahi. Kule Tunduma sikumpata hata mmoja wa kumuuliza." Akanitazama, macho mekundu, na uso wake umelegea kama wa mtu aliyeshusha mzigo. "Ndiyo maana ulinikatalia juzi, mwanangu. Uliona mbali kuliko mimi."

Hapo ndipo ningemwambia ukweli. Mdomo niliufungua. Wanawake wote walikuwa wananitazama kwa upole, kama mtu aliyefanya jema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mgeni hajala," alisema Bi Sabaha. Akainuka kwa kushika bega langu, akanipakulia wali kwa mkono wake, nami nikaula.